Kapiteni Joubert: kutoka Kibanga mpaka boma la Mpala

Mtu wa Baraka akipanda boti mpaka Kalemie, kisha akaendelea kusini kuelekea Moba, anafika Mpala, mahali mto Lufuko unaingia ziwani. Boma la pale lilianzishwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms. Lakini jina ambalo historia iliunganisha na boma hilo ni la Mfaransa, Léopold Joubert, na kazi yake ilianzia huku kwetu, kwenye ghuba ya Burton ambayo wavuvi wetu wanavuka kila siku.

Joubert alizaliwa 1842 Saint-Herblon, Ufaransa. Kijana bado, aliingia jeshi la Papa na akajeruhiwa vitani Castelfidardo, 1860. Miaka makumi mawili baadaye Askofu Lavigerie akamtuma ziwani pamoja na Mapadri Weupe. Kazi yake ilikuwa bunduki, si misa. Mei 1881 mapadri wawili na msaidizi wao waliuawa Rumonge, ng'ambo ya Burundi, na hofu ikawa kubwa. Joubert akapanga ulinzi wa misioni ya Mulweba, Masanze, kisha ule wa Kibanga.

Wakati ule misafara ya watumwa ilikuwa inavuka ziwa kwenda Ujiji. Mapadri walikomboa watoto kwa kitambaa na shanga, wakawalea misioni. Watoto wale waliponea minyororo, ni kweli, lakini kurudi kwao nyumbani haikuwa rahisi: wengi walikulia pale, wakaolea pale, wakalima mashamba ya misioni.

1885 Joubert akarudi Ufaransa, lakini hakukaa. Mwaka ule ule Mfalme Leopold II aliachia Mapadri Weupe kituo cha Mpala, na 1887 Joubert akafika kukilinda. Akafundisha vijana wa pale kazi ya askari, akakata kesi za watu, akawa sawa na chifu. Aliyeingia bomani alipata usalama na bustani za kulima, lakini alipata pia bwana mpya. Storms mbele yake alikuwa amempiga chifu Lusinga mwaka 1884, na fuvu la Lusinga likapelekwa Ubelgiji. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya kuta za Mpala, na mgeni anayekuja kupiga picha tu asilipite.

1888 Joubert akafunga ndoa na Agnes Atakao, binti wa huko. Wazungu wengi wa siku zile walikuwa na wanawake wa Kiafrika bila ndoa. Yeye alimwoa kanisani, wakazaa watoto wengi, na wawili wakawa mapadri. Familia ikakaa Saint-Louis ya Mrumbi. Watu wa Rumaliza wa Ujiji walimsonga sana, baruti ikapungua, mpaka 1891 msafara wa Kapiteni Jacques ukafika toka Ubelgiji.

Vita vikaisha, Serikali ikashika inchi, na kapiteni hakuwa tena na wa kupigana naye. Hakurudi kwao. Alibaki kufundisha katekisimu na kutunza wagonjwa, macho yakaanza kuzimika. Alikufa 27 Mei 1927 huko Misembe, karibu na Moba, akiwa na miaka 85.