Koch alimnasa muuaji, ndugu zake wakabaki

Kama umewahi kupewa kikopo maabara ukaambiwa utemee makohozi, basi umepita njia aliyoichora jamaa mmoja Mjerumani, Robert Koch. Jina ulilikariri kwenye Bayolojia, ukalisahau. Stori yenyewe hukupewa.

Alizaliwa 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba migodi. Alikuwa daktari wa mashambani tu, bila maabara. Mkewe, Emmy, akamnunulia hadubini, naye akagawanya chumba cha kutibia kwa pazia: huku wagonjwa, kule panya. Hivyo ndivyo alivyothibitisha 1876 kwamba kimeta huletwa na bakteria.

Kisha akaingia TB. Kwa hesabu yake, mtu mmoja kati ya 7 alikuwa akifa nayo, na wengi waliamini ni ya kurithi. Bakteria wake amejifunika kitu kama nta, rangi haimshiki kirahisi. Koch akajaribu rangi hadi ikakubali, na tarehe 24 Machi 1882 akawaonyesha wenzake Berlin. Ukumbi kimya! Ndiyo maana Siku ya TB Duniani iko tarehe hiyo.

Angeishia hapo ningempenda tu. Lakini 1890 akatangaza amepata dawa, tuberkulini, na akakataa kusema ina nini ndani. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Hata Arthur Conan Doyle, yule daktari aliyembuni Sherlock Holmes, alienda kuchungulia, akarudi na mashaka. Watu waliendelea kufa, wengine wakizidiwa baada ya sindano. Kumbe ilikuwa mchujo wa bakteria haohao ndani ya gliserini. Moto ukiwaka, Koch yuko zake Misri.

Nobel alipata 1905. Mwaka uliofuata akaja pande hizi, visiwa vya Ssese upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, kutibu malale. Dawa yake, atoksili, ilikuwa na aseniki. Wagonjwa wengine walipofuka. Hiyo nayo hukuambiwa darasani, sindio?

Tuberkulini kama dawa ilikufa, ila kama kipimo bado ipo: unadungwa mkononi, siku 2 au 3 uvimbe unapimwa. Shida ni kwamba bakteria wa TB ana ukoo mkubwa, mikobakteria, wanaoishi kwenye udongo na maji, hata bomba la bafu. Hao pia wanaweza kuleta uvimbe. Wengi hawana noma, lakini pafu lenye makovu ya TB ya zamani ni nyumba tayari kwao. Mtu anakohoa, anakonda, anatoka jasho usiku, na kwenye hadubini wanafanana na TB kabisa. Ilifika 1959 ndipo Mmarekani Ernest Runyon akawapanga kwa makundi.

Sasa fikiria unameza dawa za TB miezi 6, huponi, unaambiwa yako ni sugu, kumbe ni ndugu yake, ambaye dawa zake ni tofauti na mara nyingi hupita mwaka. Kama hadubini imesema ipo na GeneXpert ikasema hakuna, uliza makohozi yaoteshwe, bakteria ajulikane kwa jina.

Koch hakufikia siku hizo. Moyo ulimshinda Baden-Baden, 27 Mei 1910, akiwa na miaka 66. Majivu yake yako Berlin, ndani ya taasisi yenye jina lake.