Sidi Mubarak Bombay: Kutoka deni la vitambaa hadi nishani ya London

Maisha ya Sidi Mubarak Bombay yaligeuzwa na deni la biashara. Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kati ya pwani na Ziwa Nyasa, eneo ambalo leo limekatwa na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara wenye silaha kutoka pwani walikizingira kijiji chao. Walidai walipwe papo hapo vitambaa na shanga walizokuwa wamekopesha wakati wa njaa.

Kijiji kilishindwa kulipa. Mtoto huyo akakamatwa, akapelekwa Kilwa na kuuzwa, kisha akavushwa bahari hadi India. Alitumikia huko kwa miaka mingi, na bwana wake alipofariki akapata uhuru. Alirudi Zanzibar akiwa na jina la mji wa ng'ambo, akajiunga na askari wa Sultani. Alirudi pia na Kihindustani, lugha ambayo ingemfungulia mlango.

Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipita kwenye kituo alichokuwa akilinda, wakamchukua. Speke hakukijua Kiswahili. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay akayafikisha maneno hayo kwa wapagazi, machifu na wafanyabiashara wa bara. Mwaka 1858 walifika Ujiji. Baadaye Burton alibaki Kazeh, ambayo leo ni Tabora, na Speke akaenda kaskazini na Bombay hadi kwenye ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Speke alilibandika jina la malkia wake, Victoria.

Msafara wa pili wa Speke, safari hii akiwa na James Grant, ulianza mwaka 1860. Ulipita Karagwe na Buganda, ukafuata Mto Nile hadi Cairo mwaka 1863. Mfanyabiashara wa leo anayepita Mutukula anaijua sehemu ya njia hiyo, ila yeye huikata kwa saa chache. Enzi hizo fedha ya safari ilikuwa merikani, kaniki, shanga na waya za shaba, na kila mtawala wa njiani alidai hongo. Neno hilo halikuwa na maana ya rushwa. Lilikuwa ushuru wa kupita, na kiasi chake kilipatikana kwa majadiliano ya siku nyingi. Bombay alikuwa miongoni mwa watu waliotumwa kwenda kujadiliana. Mazungumzo yakivunjika, msafara mzima ulikaa pale pale huku chakula kikipungua.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimwajiri kuwa nahodha wa askari wa msafara wa kumtafuta David Livingstone, aliyekutwa Ujiji. Mwaka 1873 aliondoka tena pwani, mara hii na Verney Lovett Cameron. Walivuka Ziwa Tanganyika, wakapita Kongo, na mwishoni mwa mwaka 1875 wakatokea upande wa pili wa bara, pwani ya Angola karibu na Benguela. Vitabu vingi humtaja Cameron kuwa Mzungu wa kwanza kulivuka eneo hilo kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay naye alilivuka, kwa miguu ile ile.

Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilimtunuku nishani ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Bombay hakuacha kitabu. Karibu yote tunayoyajua juu yake yaliandikwa na waajiri wake, nao hawakuafikiana. Speke alimsifu kwa uaminifu, ingawa aliandika pia kwamba aliwahi kumpiga ngumi. Stanley alimwona mzembe na mkaidi, na alimchapa. Anayesoma kitabu kimoja tu huondoka na Bombay mmoja tu.

Ndiyo maana watafiti wa historia ya jiografia, wakiwemo wanafunzi wa shahada ya uzamivu, hawaishii kwenye vitabu vilivyochapwa. Hufungua makasha ya nyaraka: shajara za Stanley zilizohifadhiwa Tervuren nchini Ubelgiji, karatasi za Speke na Grant katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, barua, picha na orodha za misafara. Hulinganisha alichoandika msafiri jioni akiwa kambini na alichokichapa baadaye akiwa kwao. Humo hujitokeza wakalimani, wapagazi na viongozi wa njia ambao vitabu viliwapa mstari mmoja au havikuwapa hata huo. Mwaka 2009 Felix Driver na Lowri Jones waliandaa maonyesho kutokana na hazina ya Jumuiya hiyo ya London, wakiwaweka mbele watu wa aina hiyo, Bombay akiwa mmoja wao.

Wafanyabiashara wa mipakani wataielewa hoja hii haraka. Mzigo hubeba jina la yule aliyeandikwa kwenye karatasi. Aliyejua njia, aliyeongea lugha tatu na aliyepatana na kila kizuizi hubaki nje ya hati, na baada ya miaka huonekana kama hakuwepo. Bombay alipata nishani, na bado ilibidi atafutwe upya ndani ya makasha. Wengi kati ya mamia waliotembea naye kutoka Bagamoyo, Tabora na Ujiji hawakupata hata hiyo. Baadhi yao wamebaki kama jina moja kwenye orodha ya mishahara, na wengine hawana hata jina.