Alan Turing na madoa ya chui

Ukisimama kwenye roshani ya ghorofa za Nyayo Highrise, Nairobi, ukatazama Kibera, utaona mabati yamepangana na vichochoro vikipita katikati. Hakuna mtu mmoja aliyechora ramani ile. Kila mjenzi alimwangalia jirani yake, akaacha pa kupita, na mtaa ukatokea. Swali la namna hiyo ndilo lililomshughulisha Mwingereza Alan Turing kuhusu mwili: seli nyingi zinazofanana, zisizo na mkubwa wa kuziamuru, hupataje umbo?

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Wengi wanamjua kwa makala yake ya 1936, iliyokuwa msingi wa kompyuta, na kwa kufumbua siri za Enigma, mashine ya Wajerumani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kazi yake ya mwisho, katika Chuo Kikuu cha Manchester, haitajwi sana.

Mwaka 1952 alionyesha kwa hesabu kwamba kemikali mbili zinazoathiriana, zikisambaa kwa kasi tofauti, zaweza kuanza zikiwa karibu sawa kila mahali, kisha zikazidi hapa na kupungua pale. Kwa kompyuta ya Manchester alikokotoa duara la seli 20, kila moja ikipeana kemikali na jirani zake wawili tu. Mpangilio ukajitokeza wenyewe. Huenda madoa ya chui na milia ya punda milia huanza hivyo. Leo wanasayansi hukokotoa seli kwa maelfu, waelewe kidonda kinavyopona na saratani inavyoenea.

Yeye hakuyaona hayo. Mwaka huohuo alipatikana na hatia kwa uhusiano na mwanamume, akakubali kupewa homoni ili asifungwe. Tarehe 7 Juni 1954 alikufa kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ukaamua kuwa alijiua. Malkia alimsamehe mwaka 2013. Hesabu alizoziacha njiani hazikumngoja.

Wako kwetu Pwani wanaoziogopa hesabu hizi, wakidhani zinamwondoa Muumba. Mimi naona kinyume. Kujua mkeka ulivyosukwa hakumfuti msusi. Na hukumu ya mja tumwachie Mola wake. Elimu aliyoiacha tuwasomeshe watoto wetu.