Fermi na Majina ya Vitu Visivyokuwapo

Sisi tunaofundisha isimu huwakumbusha wanafunzi kuwa jina si kitu. Mfano ulionigusa zaidi sikuupata kwa mwanaisimu, bali kwa mwanafizikia Enrico Fermi, aliyezaliwa Roma mwaka 1901.

Mnamo 1934, Fermi na wenzake waliipiga yuraniamu kwa nyutroni, wakadhani wamepata elementi mpya. Mbili zilipewa majina: auseniamu na hesperiamu. Desemba 1938, alipopokea Tuzo ya Nobel, alizitaja hotubani. Mwezi huohuo, kule Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waligundua bariamu katika yuraniamu iliyopigwa vivyo hivyo. Kumbe kiini kilikuwa kimepasuka! Majina yalikuwapo, vitu havikuwapo. Fermi hakukaidi; hotuba ilipochapishwa alitia tanbihi kwamba suala zima lichunguzwe upya.

Italia hakurejea, maana sheria za ubaguzi zilimwandama mkewe Myahudi. Alihamia Marekani.

Huko Chicago, mwaka 1942, aliongoza ujenzi wa rundo la grafaiti na yuraniamu chini ya jukwaa la uwanja wa michezo wa chuo kikuu. Kila tabaka lilipoongezwa, nyutroni zilipimwa, naye akakokotoa. Hesabu ilionyesha kwamba tabaka la 57 lingetosha kuufanya mmenyuko ujiendeleze wenyewe. Tarehe 2 Desemba ufito wa kadimiamu ulichomolewa kidogo kidogo. Kila hatua Fermi alibashiri vipimo vingefika wapi, kisha akalinganisha. Kabla ya adhuhuri ufito wa usalama ulijiangukia, kwa kuwa kiwango chake kiliwekwa chini mno. Fermi akaamuru watu waende kula. Saa tisa na dakika 25 alasiri, rundo lilitii hesabu.

Simwondolei lawama. Elimu ile ilichangia bomu lililoiteketeza Nagasaki mwaka 1945, naye alikuwa miongoni mwa waliolishughulikia. Hata hivyo, mwaka 1949 alipinga kwa misingi ya maadili kuundwa kwa bomu la haidrojeni.

Saratani ilimuua mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 53. Elementi ya 100 ikaitwa fermiamu, na hiyo ipo kweli.

Walimu wenzangu, aghalabu sisi huona haya kukosolewa mbele ya darasa. Fermi alijisahihisha mbele ya ulimwengu, na miaka minne baadaye maisha ya watu yalitegemea hesabu yake. Mwanafunzi atajifunzaje kukiri kosa ikiwa hajamwona mwalimu wake akikiri lake?