Padri Mapera na Kazi Isiyokwisha



Kila mwaka, mtihani wa ubatizo ukikaribia, katekista huona jambo moja la ajabu. Mvivu haogopi kitu. Anakuja mbele ya Padri mikono mitupu. Bali yule aliyejifunza kwa bidii ndiye anayebaki nyumbani siku ile, kwa sababu amesahau jibu moja, ama amegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba. Anajihukumu mwenyewe kwamba hafai. Hamu yake ya kuwa Mkristo mwema ni njema sana. Lakini hofu yake ya kasoro inaiua hamu hiyo. Kwa ajili yake tunasimulia leo maisha ya Padri Siméon Lourdel, mtume wa Buganda, nchi iliyo mbali kidogo ng'ambo ya milima ya Ruwenzori. Watu wa huko walimwita Mapera.

Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1853 katika kijiji cha Dury, kaskazini ya Ufaransa. Aliingia katika shirika la Mapadri Weupe, akapewa upadri mwaka 1877. Mwaka uliofuata alitumwa pamoja na wenzake kwenye maziwa makubwa. Walitoka pwani kwa miguu, na tarehe 17 Februari 1879 yeye na Bruda Amans walishuka katika mtumbwi karibu na Entebbe. Alikuwa na umri wa miaka 25, na nia yake ilikuwa kubwa: Buganda yote imjue Kristo.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliweka sheria kwamba mkatekumeni afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Sheria hiyo ilikuwa njema. Hakutaka watu wapokee ubatizo kwa haraka, kisha wauache kwa haraka. Basi Mapera na wenzake walifundisha polepole, kama mkulima apaliliaye maharage yake mstari kwa mstari.

Lakini mnamo Novemba 1882 hatari ilizidi katika mji wa Mfalme Mutesa, na mapadri wakalazimika kuondoka hadi kusini ya ziwa. Tazameni kazi waliyoiacha! Yosefu Mukasa, pamoja na Andrea Kagwa, alikuwa amebatizwa tarehe 30 Aprili mwaka ule ule. Matia Mulumba alibatizwa tarehe 28 Mei. Ukristo wao ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja. Hapakubaki padri, wala Misa, wala mtu wa kuwasahihisha wakikosea. Mwenye kuona angesema: Hii ni nyumba isiyoezekwa, mvua ya kwanza itaibomoa.

Mutesa alikufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akawaita mapadri warudi. Mapera alifika tena mwezi wa Julai 1885. Nyumba haikubomoka. Mukasa alikuwa akiwaongoza Wakristo katika nyumba ya mfalme. Kagwa na Mulumba walikuwa wakifundisha nyumbani kwao. Wakatekumeni walikuwa wamekuwa wengi kuliko wale walioachwa. Watu wale hawakujua yote. Walifundisha yale waliyoyajua, na Mungu akayazidisha.

Kisha zikaja siku za giza. Mnamo Novemba 1885 Mwanga aliugua, na Mapera akampa dawa. Dawa ile ikamzidishia taabu, na mfalme akadhani ametiliwa sumu. Tena Mukasa alikuwa amemkemea mfalme kwa kumwua Hannington, askofu wa Waanglikana. Tarehe 15 Novemba Yosefu Mukasa akauawa. Mapera alikuwa ametaka kumsaidia mgonjwa, na tazama mambo yalivyogeuka. Je, aliiacha kazi? Hasha. Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, na siku zilizofuata wengine wengi. Mapadri hawakuwaambia wangojee hadi hesabu ya miaka itimie. Walitazama kama moyo umekuwa tayari, wakabatiza.

Hata hivyo kijana Kizito, mwenye miaka kama 14, alikuwa bado akingojea, ingawa aliomba mara nyingi. Mwezi wa Mei 1886, huko Munyonyo, usiku wa kuamkia hukumu, Karoli Lwanga alimbatiza yeye na wenzake watatu. Hapakuwa na padri, wala mafuta matakatifu, wala nguo nyeupe. Palikuwa na maji, na maneno ya ubatizo, na imani, ikatosha. Mapera alikwenda Munyonyo kuwaombea, akawaona vijana wakipitishwa wamefungwa, wala hakuweza kuwaokoa. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Lwanga, Kizito na wenzao walichomwa moto Namugongo.

Mapera aliendelea kufundisha. Mwaka 1888 alifukuzwa tena. Mwaka 1889 akarudi tena. Tarehe 12 Mei 1890 akafa Rubaga, mwenye miaka 36. Buganda yote ilikuwa haijamjua Kristo. Alikufa kazi haijakwisha, lakini wengine waliishika. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Nao walikuwa matunda ya kazi ile iliyoachwa nusu.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Angalieni: Mapera hakupunguza nia yake, wala hakuidharau ile miaka minne. Mwenye nafasi ya kujifunza ajifunze, asifanye maisha haya kuwa kisingizio cha uvivu. Lakini Mapera hakusema kamwe kwamba kazi yenye kasoro ni kazi bure.

Nawe uliyesahau jibu moja, lisome tena usiku wa leo. Uliyegombana na jirani, vuka mpaka ule ukampe mkono. Kisha siku ya mtihani njoo. Ubatizo ni mlango wa kuingilia. Hakuna aliyefika mwisho wa safari kabla ya kuvuka mlango.