Louis de Funès: Alifungua milango karibu miaka 20 kabla ya kuwa staa

Unamjua yule mtu wa kwenye filamu anayefungua mlango, anasema neno moja, kisha haonekani tena? Bila shaka huwa humtazami mara mbili. Jina lake likipita mwishoni, wewe tayari ushashika simu yako. Basi leo tumzungumzie jamaa aliyekuwa mfungua mlango huyo kwa karibu miaka 20, akalea familia kwa kazi hiyo, halafu akifika miaka 50 akawa mtu aliyejaza kumbi za sinema za Ufaransa kuliko mwigizaji mwingine yeyote wa enzi yake.

Jina lake Louis de Funès. Usimtafute kati ya mabarobaro wenye vifua vipana. Alikuwa na kimo cha mita 1.64, kichwa kimeanza upara mapema, pua ndefu, na uso uliobadilika mara kumi kabla hujapepesa macho.

Alizaliwa Julai 31, 1914 huko Courbevoie, mji ulio kando ya Paris. Wazazi wake walikuwa Wahispania. Baba alikuwa wakili kwao, lakini Ufaransa akaingia biashara ya vito. Biashara ilipomlemea, mzee alifanya kisanga ambacho ungedhani kimetungwa: alijifanya amejiua, kumbe amekimbilia Venezuela kujaribu bahati ya zumaridi za kutengenezwa. Mama mtu hakukubali mchezo huo. Alimfuata hadi huko na kumrudisha, lakini alirudi mgonjwa na akafariki mwaka wa 1934.

Mama huyo mshike vizuri, maana ndiye chuo cha kwanza cha Louis. Alikuwa mwanamke wa hasira za ghafla, anapiga kelele huku akimkimbiza mwanawe kuzunguka meza, na dakika moja baadaye ametulia kama maji ya mtungini. Mtoto alikuwa akikimbia, lakini pia alikuwa akitazama. Ukiona filamu zake leo, hasira zile fupi za mtu anayefoka, ananyamaza, kisha anatabasamu kinafiki, jua zilitoka nyumbani.

Shule haikumkalia. Alipelekwa kusomea kazi ya manyoya ya wanyama, yale ya kushonea makoti ya matajiri, akafukuzwa. Akaajiriwa hapa, akapigwa kalamu pale. Alipamba madirisha ya maduka, akashika vitabu vya hesabu. Kilichompa mkate hatimaye ni piano. Usiku kucha alipiga jazi katika baa za Paris, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mpaka alfajiri. Alipojiandikisha kwenye shule moja ya jazi ili anoe vidole, alimkuta karani wa ofisi aitwaye Jeanne Barthélémy. Walioana mwaka wa 1943. Ilikuwa ndoa yake ya pili, na Jeanne ndiye aliyemsukuma asikate tamaa na uigizaji, baadaye akawa ndiye anayepatana mikataba yake. Watayarishaji walimwogopa mama huyo kuliko mumewe.

Filamu yake ya kwanza ilitoka baada ya vita. Rafiki yake Daniel Gélin, waliyesoma naye uigizaji, ndiye aliyempenyeza. Kazi yenyewe ilikuwa nini? Bawabu wa kilabu cha usiku. Anafungua mlango, sekunde chache, basi.

Na hapo ndipo safari ndefu inaanza, safari ambayo wengi wetu tungeishia njiani. Filamu baada ya filamu: karani, mhudumu wa hoteli, jirani, daktari, mpita njia. Asubuhi studio moja, mchana nyingine, jioni jukwaani. Filamu zake zote zinapita 130, na nyingi kati ya hizo ni za kipindi hiki ambacho hakuna aliyelijua jina lake. Alikuwa na watoto wa kulisha, hakuwa na nafasi ya kuringa. Lakini angalia vipande hivyo vidogo leo na utaona kitu: hata akipewa nusu dakika, anatafuta cha kufanya na kofia, na kijiko, na mlango wenyewe.

Mwaka wa 1956 alipata mlango mkubwa kidogo. Katika La Traversée de Paris, kisa cha watu wawili wanaovukisha nyama ya nguruwe ya magendo kupitia Paris usiku wa vita, aliigiza muuza duka mroho anayeficha nyama ghorofa ya chini. Mbele yake alikuwa Jean Gabin, simba wa sinema ya Ufaransa. Louis hakumezwa. Bado, miaka minane zaidi ilibaki.

Jukwaa ndilo lililomvusha. Kulikuwa na mchezo uitwao Oscar, kuhusu tajiri anayeamshwa asubuhi na mfanyakazi wake anayetaka nyongeza ya mshahara, na kuanzia hapo kila kitu kinaharibika. Kwanza alisita, akauzungusha mikoani mwaka wa 1959, kisha Paris ikaupokea mwaka wa 1961. Kila usiku aliongeza kitu. Kuna pahali anavuta pua yake kana kwamba ni mpira, anainyoosha, anaizungusha, anaiachia. Hakuna pua iliyorefuka, ni mikono tu, lakini ukumbi mzima ulikuwa ukiiona.

Halafu ukaja 1964. Septemba ilitoka Le Gendarme de Saint-Tropez, filamu ya bajeti ndogo ambayo hata wenyewe hawakuitarajia makuu. Louis ni Cruchot, askari anayehamishiwa mji wa pwani wa matajiri, mkali kwa wa chini yake na mnyenyekevu kupindukia kwa wakubwa. (Askari wa aina hiyo hata wewe unamjua.) Tiketi zaidi ya milioni 7 ziliuzwa. Miezi miwili baadaye ikafuata Fantômas, na mwaka uliofuata Le Corniaud, iliyopita milioni 11. Aliyekuwa bawabu sasa jina lake lilikuwa juu ya bango.

Lakini kilele ni Desemba 1966, La Grande Vadrouille. Vita vya pili vya dunia, marubani watatu wa Uingereza wanaangukia Paris kwa parachuti, na Wafaransa wawili wasiofanana hata kidogo wanalazimika kuwatorosha: mpaka rangi mpole, aliyeigizwa na Bourvil, na kiongozi wa okestra mwenye kiburi, ambaye ni Louis. Kwa tukio la okestra hakutaka kubahatisha. Alijifua kwa muda mrefu kuongoza muziki wa Berlioz mbele ya wanamuziki halisi, mpaka mikono yake ikaenda sawa na ala. Kwingine, alipokuwa akishuka ukuta, alijikuta mabegani mwa Bourvil, jambo ambalo halikuwa kwenye maandishi. Wakaliacha. Picha hiyo ya mfupi amebebwa juu ya mabega ikawa ndiyo alama ya filamu.

Zaidi ya tiketi milioni 17, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 50. Hakuna filamu iliyovunja rekodi hiyo Ufaransa hadi Titanic, na kati ya filamu za Wafaransa wenyewe ilidumu hadi 2008.

Unadhani sasa alipumzika? Wapi. Wahakiki wa magazeti walimdharau, wakamwona mpiga kelele wa kuwachekesha watoto. Naye aliamini kwamba umaarufu uliochelewa hivyo ungeweza kuondoka hata kesho. Kwa hivyo alirudia tukio mara nyingi, akahangaika, hakulala. Bourvil alifariki kwa saratani mwaka wa 1970, na filamu waliyokuwa waifanye pamoja ikapewa Yves Montand.

Mwaka wa 1973 alifanya kazi ambayo mimi naiweka juu ya zote, Les Aventures de Rabbi Jacob. Anaigiza mfanyabiashara Mkatoliki anayewabagua Wayahudi, Waarabu, weusi, yaani kila asiyefanana naye. Kisha mambo yanageuka: ili aokoe maisha yake, analazimika kuvaa ndevu na kanzu na kujifanya rabi, akiwa pamoja na Mwarabu anayesakwa. Iliingia kumbini Oktoba 18, vita vya Waisraeli na Waarabu vikiendelea, na hofu ilikuwa kubwa. Watu walienda, wakacheka. Louis mwenyewe alieleza baadaye kwamba filamu hiyo ilimtoa chuki ndogondogo alizokuwa nazo yeye binafsi. Kwa staa wa wakati ule kukiri hilo, si mchezo.

Mwili ukadai chake. Machi 1975, akiwa anaigiza jukwaani kila usiku Paris, moyo ulimshika mara mbili katika mwezi huohuo mmoja. Madaktari wakamwambia jukwaa basi. Kampuni za bima zikaogopa kumkatia bima kwa filamu yoyote, na bila bima hakuna mtayarishaji anayewasha kamera. Mwaka wa 1976 Claude Zidi akathubutu, wakapiga L'Aile ou la Cuisse huku daktari akiwa pembeni. Louis alikuwa amekonda, anakula bila chumvi, na alikuwa akiigiza mjuzi wa vyakula vitamu vya mikahawa! Zaidi ya watu milioni 5 walienda kuitazama.

Siku zake za mapumziko aliishi Le Cellier, karibu na Nantes, katika kasri ambalo yeye na Jeanne walinunua mwaka wa 1967. Huko hakuchekesha mtu. Alikuwa kimya, amevaa nguo za shamba, anapalilia mboga na waridi, na hakutaka dawa za kemikali ziguse udongo wake. Waliokuja wakitarajia vituko walikuta mzee mwenye haya.

Mwaka wa 1980 wasanii wenzake walimpa César ya heshima, na mwaka huohuo akatimiza ndoto ya kuleta mchezo wa Molière, L'Avare, kwenye skrini, akiuelekeza pamoja na Jean Girault. Filamu ya mwisho ilikuwa ya yuleyule Cruchot, mwaka wa 1982. Januari 27, 1983 moyo ulisimama huko Nantes, akiwa na miaka 68. Alizikwa Le Cellier. Ukifika Saint-Tropez leo, kile kituo cha zamani cha askari kilichoonekana kwenye filamu ni jumba la makumbusho.