Nyumba Iliyomshinda Rembrandt

Ile nyumba ya matofali katika mtaa wa Jodenbreestraat, Amsterdam, ilijengwa karibu mwaka 1606, mwaka aliozaliwa Rembrandt mjini Leiden, mtoto wa msaga nafaka. Mwaka 1620 alisajiliwa Chuo Kikuu cha Leiden lakini hakukaa sana. Moyo wake ulikuwa kwenye uchoraji.

Mwaka 1639, akiwa na jina kubwa na mke wa familia yenye mali, Saskia, akainunua nyumba hiyo kwa gilda 13,000. Robo tu ilitakiwa mwanzoni, nyingine alipe taratibu. Kazi zilikuwa zinamiminika, kwa hiyo wasiwasi wa nini? Tatizo hela ikiingia haikwenda kwenye deni. Rembrandt alikuwa mtu wa minada: leo sanamu za makaisari wa Roma, kesho silaha za zamani, keshokutwa makombe ya baharini na michoro ya wenzake. Sisi wa kusubiri bumu tunaujua ugonjwa huo.

Mwaka 1642 alimaliza picha yake kubwa ya askari wa mgambo, ile iitwayo Zamu ya Usiku. Mwaka huohuo Saskia akafariki, akamwachia Titus, ambaye hata mwaka hajafikisha. Watoto watatu waliomtangulia walikufa wachanga.

Na tusimpambe. Geertje Dircx, aliyemlelea Titus na kuwa mpenzi wake, alimshtaki kwa kuvunja ahadi ya ndoa. Mwaka 1650 Rembrandt alisaidia afungiwe katika nyumba ya kurekebisha tabia huko Gouda, akakaa humo miaka. Kwangu hilo ni baya kuliko madeni yote.

Kufikia 1653, miaka 14 baada ya kununua, alikuwa bado anadaiwa gilda zaidi ya 8,000 za nyumba, riba ikiwemo. Akakopa ili alipe mkopo. Mwaka 1656 akafilisika, makarani wakapita chumba kwa chumba wakiandika kila kitu, vipengele 363. Nyumba ikapigwa mnada 1658. Akahamia nyumba ya kupanga Rozengracht, akaendelea kuchora, na kazi za miaka hiyo ni miongoni mwa bora zake. Titus na Hendrickje, mwenzi wake wa mwisho, walifungua biashara wakamwajiri yeye, ili wadai wasizichukue picha. Akawazika wote wawili. Alikufa 1669, akazikwa kanisa la Westerkerk katika kaburi la kukodi.

Nyumba ya Jodenbreestraat ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1911. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyumba vilipangwa upya vifanane na vya enzi zake, na mwongozo ulikuwa orodha ileile ya wale makarani.